Picha ya Ishirini na Saba

RUWEYDA: Haloo? Nani mwenzangu?

JELLE: Asalaam aleikum.

RUWEYDA: Waaleikum salaam. Nani?

JELLE: Ni mimi.

RUWEYDA: Mimi nani? Namba siijui.

JELLE: Jelle. Ndugu yako. Umeenda Nairobi umesahau sauti?

RUWEYDA: Aboowe! [anacheka] Mbona namba ngeni?

JELLE: Ni simu ya Diriye wa duka. Yangu imeshikwa na abti Ahmednoor. Yuko kwa laini tangu asubuhi.

RUWEYDA: Abti? Mjomba wa Norwei? Leo amekumbuka Habaswein? Kuna arusi?

JELLE: Amepiga tu.

RUWEYDA: [kwa Kisomali, haraka haraka, anauliza habari za nyumbani]

JELLE: Ongea Kiswahili.

RUWEYDA: Nini?

JELLE: Kiswahili, Ruweyda. Ongea Kiswahili.

RUWEYDA: Wewe na mimi? Tangu lini?

JELLE: Tangu leo. Hooyo amekaa hapa mbele yangu. Iko wageni pia.

RUWEYDA: Na mama asiyejua Kiswahili asisikie nini?

JELLE: Uko wapi sasa?

RUWEYDA: Chuo. Niko kwa foleni ya stoo ya vifaa. Watu saba mbele yangu. Leo ndio siku ya mwisho ya kuandikisha kamera, na mimi bado sijaamua. Manze, kichwa kinauma.

JELLE: Kuamua nini?

RUWEYDA: Sisi wa mwaka wa mwisho lazima tuseme kazi ya kumaliza tutaifanya na kamera gani. Ya filamu au ya kadi. Ukishatia sahihi umefunga, hakuna kugeuka. Mimi nafanya nyuso za watu wetu, nyuso arubaini. Mwalimu ananiambia chukua ya kadi, usijitese. Na mimi roho yangu iko kwa filamu.

JELLE: Ya kadi ndio ile inaonyesha picha hapo hapo?

RUWEYDA: Ndio hiyo. Unapiga, unaangalia nyuma, ukiona mtu amefumba macho unarudia. Mia tano kwa siku, bure.

JELLE: Na ile yako?

RUWEYDA: Ile yangu ni picha thelathini na sita, basi, filamu imeisha. Na huoni kitu. Unapiga, unavuta kimkono, unaomba Mungu.

JELLE: Sasa hapo kuna kufikiri? Mtu amepewa gari na punda, anauliza achukue gani.

RUWEYDA: [anacheka] Wewe huelewi. Mtu akiona kamera ya kadi anakaa kama anapigwa ya kitambulisho kwa ofisi ya vipande. Halafu anataka kuona, halafu anasema futa, nimetoka mnene. Ile ya filamu hakuna cha kuonyesha, kwa hivyo anakuachia uso wake na kuendelea na maisha. Mimi pia, kwa sababu ziko chache, naangalia kabla sijapiga. Unanipata?

JELLE: Nakupata.

RUWEYDA: Lakini filamu ni bei, na joto letu lile linaiharibu, na ikiharibika hujui mpaka siku ya kusafisha. Hiyo ndiyo inaniogopesha. Wewe ungekuwa mimi ungechukua gani?

JELLE: Ya kadi.

RUWEYDA: Haraka hivyo?

JELLE: Kwa sababu picha yake inatoka.

RUWEYDA: Ya filamu pia inatoka —

JELLE: Inatoka vipi? Hiyo ndio nimepigia. Ile picha ya Ayeeyo. Inatoka vipi?

RUWEYDA: Ya Ayeeyo? Ile niliyompiga nyanya siku nilipoondoka?

JELLE: Hiyo. Abti anaitaka. Anasema atumiwe leo.

RUWEYDA: Leo! [anacheka] Mwambie hiyo si ya simu. Filamu bado iko ndani ya kamera, na kamera iko kwa sanduku la bati la Hooyo, nilikuachia ukiona. Nilibakisha picha tisa za ngamia wakirudi kutoka malishoni. Nikija Idd nazimaliza, narudi nayo huku, naisafisha.

JELLE: Hakuna njia mtu anaweza kutoa akiwa hapa?

RUWEYDA: Habaswein? Hakuna. Lazima isafishwe na dawa, ndani ya chumba cha giza.

JELLE: Giza?

RUWEYDA: Giza kabisa. Hata mkono wako huuoni. Kabla ya dawa filamu haitaki mwanga hata kidogo.

JELLE: [kimya]

RUWEYDA: Haloo? Jelle?

JELLE: Nipo. Network inakwaruza.

RUWEYDA: Mbona Abti ana haraka? Amekaa miaka ishirini na sita bila kumwona mama yake. Wiki tatu mpaka Idd ndio zimemshinda?

JELLE: Zimemshinda.

RUWEYDA: Na kile kipande cha Ayeeyo cha zamani? Piga picha ya kipande umtumie.

JELLE: Ile picha ya kipande imefutika. Inaonekana shela tu. Tumeangalia jana usiku na tochi.

RUWEYDA: Mlikuwa mnatafuta jana usiku?

JELLE: Ndio.

RUWEYDA: Makubwa. Basi mwambie Abti asijali, yangu iko. Yangu ni moja tu lakini iko. Unajua vile alivyonisumbua? Ukimwonyesha simu anavuta shela mpaka macho. Anasema picha ya simu haina mwenyewe, inalala kwa mfuko wa kila mwanamume asiyemjua. Hata Abti mwenyewe akipiga ile ya video anageukia ukuta. Nimemwomba siku kumi na mbili. Nikamweleza hii ya filamu inakaa gizani, hata mimi mwenyewe siioni mpaka niisafishe, na haiwezi kurushwa kwa mtu. Akasema atafikiria.

JELLE: Nakumbuka.

RUWEYDA: Atafikiria! Mpaka basi iko nje inapiga honi, mizigo yangu iko juu, ndio ananiita. Anasema haya, leo piga. Akashusha shela mwenyewe. Nikapiga moja. Ya ishirini na saba. Nikakimbia. Wallahi, Jelle, hiyo moja nikiisafisha, hata hawa walimu watanyamaza. Nipe Ayeeyo nimsalimie.

JELLE: Hawezi.

RUWEYDA: Kwa nini? Mpelekee simu. Mwambie ni mwizi wake wa uso.

JELLE: Hayuko hapa.

RUWEYDA: Ameenda wapi, na miguu ile?

JELLE: Ruweyda —

RUWEYDA: Ngoja. Nani huyo anasoma hapo nyuma? Nasikia mtu anasoma.

JELLE: Ni maalim.

RUWEYDA: Anasoma Yasin. Jelle, anamsomea nani? Wageni ni wa nini?

JELLE: Hooyo alikataza. Alisema usiambiwe mpaka umalize mambo ya chuo. Alisema utaanguka huko peke yako na hakuna mtu wa kukuinua.

RUWEYDA: Sema.

JELLE: Jana. Baada ya Adhuhuri. Ni kile kifua. Usiku wa juzi alikohoa, asubuhi akaomba maji, akanywa kidogo, akasema jua limekuwa kali, mfunge mlango. Tulipofungua tena… Tumemzika kabla ya Magharibi.

RUWEYDA: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

JELLE: Inna lillahi.

RUWEYDA: Jana. Jana mimi nilikuwa nakula chipsi.

JELLE: Hukujua.

RUWEYDA: Hamkunipigia!

JELLE: Ungefanya nini, walaal? Maji yamekata barabara, mabasi yamelala njiani siku ya tatu. Hata watu wa Wajir wamefika na trekta. Ungekaa stendi ya Garissa ukilia.

RUWEYDA: Ningelia Garissa basi! Ningekuwa karibu! Mmeninyima hata — [analia]

JELLE: Pole. Pole, abaayo.

RUWEYDA: [analia]

JELLE: Toka kwa foleni. Tafuta mahali ukae.

RUWEYDA: Nimekaa. Niko kwa ngazi. Watu wananiangalia.

JELLE: Waache waangalie.

RUWEYDA: Hooyo yukoje?

JELLE: Hajalia. Tangu jana anafanya kazi tu. Yeye na Abshiro jirani ndio walimwosha. Halafu Abti akapigiwa, na Abti akalia kwa simu kama mtoto, mtu mzima na ndevu zake. Anasema uso wa mama umempotea. Anasema akifumba macho anaona shela na mikono, uso haupati. Hooyo aliposikia hivyo akasimama. Akasema, uso upo, Ruweyda aliuchukua.

RUWEYDA: Upo. Ndio upo. Sikiliza, Jelle, nisikilize vizuri. Hiyo kamera msiiguse. Iache kwa sanduku, sanduku liwe ndani, mbali na mabati yasije yakaipika. Barabara ikifunguka mpe dereva mkononi, si kwa buti. Nitaisafisha siku hiyo hiyo. Abti ataupata uso wa mama yake, na Hooyo pia. Hii moja nitaifanya sawa, inshallah. Unasikia?

JELLE: Nasikia.

RUWEYDA: Kwa hivyo bado iko kwa sanduku.

JELLE: Iko kwa sanduku.

RUWEYDA: Sawa.

JELLE: Nimeirudisha.

RUWEYDA: Umeirudisha kutoka wapi?

JELLE: Usinipigie kelele, Ruweyda. Hooyo ananiangalia.

RUWEYDA: Sijapiga kelele. Umeirudisha kutoka wapi?

JELLE: Hooyo mwenyewe alitoa leo asubuhi. Alinipa mkononi. Alisema, tafuta uso wa mama yangu umtumie ndugu yangu. Mimi nikatafuta kadi. Nikageuza geuza, hakuna mahali pa kadi. Nikavuta kile kidude cha juu, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe.

RUWEYDA: Ya Allah. Ukafunga? Ulifunga haraka?

JELLE: Nikaona filamu.

RUWEYDA: Na ukafunga, sindio?

JELLE: Nikajua sasa hii ndio picha zenyewe. Si unakumbuka mwezi uliopita nilimpeleka Ayeeyo eksirei? Daktari alishika ile filamu yake kwa dirisha, akaniita, tukaona mbavu moja moja, tukaona moyo. Nikafikiri —

RUWEYDA: Hapana. Hapana, hapana.

JELLE: Nikafikiri mwanga ndio unaonyesha. Wewe hukuniambia ni tofauti.

RUWEYDA: Ya daktari huwa imeshasafishwa, Jelle! Imeshapita kwa dawa! Hiyo yangu bado!

JELLE: Sasa najua.

RUWEYDA: Uliivuta?

JELLE: Niliivuta.

RUWEYDA: Kiasi gani? Jelle, kiasi gani?

JELLE: Mpaka ikakataa.

RUWEYDA: Wapi? Ndani ya nyumba?

JELLE: Mlangoni. Kwa jua. Niliinua juu kama daktari. Hooyo alikuwa kwa bega langu, anauliza yuko wapi, yuko wapi. Na mimi sioni mtu. Rangi ya kijivu tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikafikiri ulikosea, hukupiga. Nilipiga simu nikuulize. Wallahi nilipokuwa napiga namba nilikuwa nimekukasirikia.

RUWEYDA: [kimya]

JELLE: Haloo?

RUWEYDA: Nipo.

JELLE: Nimeikunja, nimeifunga kwa shuka nyeusi, halafu kwa mfuko, halafu kwa sanduku. Sasa iko kwa giza.

RUWEYDA: Sasa.

JELLE: Haiwezi kusaidia?

RUWEYDA: Haiwezi.

JELLE: Hata kidogo? Iko kidogo imebaki ndani ya kile kikopo. Ile sikuweza kuvuta. Hiyo haijaona jua. Ukisafisha hiyo?

RUWEYDA: Hizo ni zile tisa.

JELLE: Tisa gani?

RUWEYDA: Za ngamia. Zile sijapiga. Filamu inatoka kwa kikopo ikienda upande wa pili, moja moja, vile unapiga. Nilizopiga zote zilikuwa nje. Zilizobaki salama ndizo hazina kitu.

JELLE: Na ishirini na saba —

RUWEYDA: Imeungua. Zote zimeungua. Nyuso za watu wote, na yeye.

JELLE: Subhanallah.

RUWEYDA: [analia] Chumba cha giza kiko hapa, Jelle. Kiko mlango wa tatu kutoka hii ngazi. Dawa zipo, maji yapo, stima ipo, naweza kusafisha filamu nimefumba macho. Na sina cha kusafisha.

JELLE: Ni mimi. Ni hii mikono yangu.

RUWEYDA: Si wewe.

JELLE: Ni mimi, usinidanganye.

RUWEYDA: Ni mimi nilijigamba na filamu, filamu, siku kumi na mbili, nikakufundisha kushika, nikakufundisha kufuta vumbi, na sikukuambia usifungue. Nilifikiri kila mtu anajua. Huku kila mtu anajua. Nilisahau niko nyumbani.

JELLE: Na hukupiga nyingine? Kwa simu? Simu ilikuwa mfukoni kwako.

RUWEYDA: Ilikuwa.

JELLE: Ungepiga tu. Hangejua.

RUWEYDA: Unafikiri sikufikiria? Alikuwa ameshusha shela, anaangalia basi. Sekunde mbili zinatosha. Lakini alinipa ruhusa ya ile moja, Jelle. Alisema hiyo ya giza, sawa. Hakusema simu.

JELLE: Hangejua, walaal.

RUWEYDA: Mimi ningejua.

JELLE: Ndio.

RUWEYDA: Na leo ningekuwa nayo.

JELLE: Ndio.

[Sauti kwa upande wa Ruweyda: “Dada, ni wewe sasa! Unachukua gani?”]

RUWEYDA: [kwa mtu mwingine] Samahani. Andikia wengine kwanza. [kwa simu] Wananiita. Wanataka nitie sahihi.

JELLE: Nenda basi.

RUWEYDA: Nikaandike nini? Niambie wewe. Ningekuja na ya kadi, angenigeukia ukuta kama alivyomgeukia Abti, na tungekosa. Nimekuja na ya filamu, akanipa uso wake, na tumekosa. Kila upande nikienda Ayeeyo hayuko. Nichukue gani, aboowe?

JELLE: Mimi sijui, walaal. Wallahi mimi mtu wa kuuza mbuzi, hii sijui.

RUWEYDA: Hata mimi.

JELLE: [network inakwaruza] … unanisikia? Nasema Hooyo ameniuliza sasa hivi.

RUWEYDA: Ameuliza nini?

JELLE: Kama umenieleza vile ya kuitoa. Anafikiri muda huu wote unanielekeza.

RUWEYDA: Umemjibu nini?

JELLE: Nimemwambia bado unanieleza.

RUWEYDA: Mwambie ukweli.

JELLE: Leo? Watu wamejaa, Abti kwa simu, na yeye ndiye alinitolea sanduku kwa mkono wake? Atasema ni yeye. Unamjua.

RUWEYDA: Basi kesho.

JELLE: Kesho atasema nini?

RUWEYDA: Sijui! Usiniulize kila kitu mimi! Niko mbali, sioni mtu hapo, sioni hata kaburi, nasikia tu maalim anasoma na network inakata!

JELLE: Sawa. Sawa, tulia. Ngoja — Abti anaita kwa ile simu ingine. Ngoja. [kwa Kisomali, mbali kidogo, anaongea na kusikiliza] Ruweyda?

RUWEYDA: Nipo.

JELLE: Anauliza picha. Nimemwambia itachelewa, ni mambo ya dawa.

RUWEYDA: Amesemaje?

JELLE: Anasema ni sawa, atangoja. Lakini anasema wewe ndiye ulimwona mwisho uso wazi, na kamera. Anasema akingoja, umwambie ametokeaje. Nimpelekee maneno.

RUWEYDA: Ametokeaje?

JELLE: Ndio. Vile amekaa. Uso ukoje. Kama alikuwa anacheka.

RUWEYDA: Alikuwa amekaa kwa kile kigoda kifupi, mlangoni. Jua lilikuwa upande wa kushoto. Kivuli cha mlango kilikata bega.

JELLE: Na uso?

RUWEYDA: Nilikuwa naangalia mshale.

JELLE: Mshale gani?

RUWEYDA: Wa mwanga. Ndani ya kamera iko mshale mdogo, unapanda na kushuka, lazima ukae katikati. Ulikuwa unapanda kwa sababu ya ukuta mweupe nyuma yake. Nikawa nageuza, nageuza, na basi inapiga honi. Naweza kukuambia namba zote. Niliziandika kwa daftari. Uso… sikuuangalia, Jelle. Nilisema nitauangalia nikisafisha.

JELLE: Alicheka?

RUWEYDA: Sijui.

JELLE: Abti anangoja.

RUWEYDA: Mwambie alicheka.

JELLE: Umesema hujui.

RUWEYDA: Alikuwa ananicheka siku zote na kamera yangu, kwa nini asicheke siku hiyo? Mwambie.

JELLE: [kwa Kisomali, mbali kidogo] … Nimemwambia. Amefurahi. Wallahi nasikia sauti yake imebadilika. Anasema… ngoja. [kwa Kisomali] Anasema kama alicheka, basi mwanya umeonekana.

RUWEYDA: Mwanya upi?

JELLE: Wa meno ya mbele. Anasema Ayeeyo alikuwa na mwanya, na akicheka huo ndio ulikuwa unatangulia. Anasema huo ameukumbuka sasa hivi tu, ulivyosema alicheka. Anauliza umetoka vizuri?

RUWEYDA: Jelle.

JELLE: Najua.

RUWEYDA: Ayeeyo hakuwa na meno ya mbele. Mimi tangu niko darasa la pili sijayaona.

JELLE: Najua. Yeye hajui. Yeye anamwona wa zamani.

RUWEYDA: Mwambie umetoka.

JELLE: Akija kuona picha atajua ni uongo.

RUWEYDA: Picha gani, Jelle? Mwambie umetoka vizuri. Hakuna kitu kingine tuko nacho cha kumpa.

[Mlio mfupi: salio liko karibu kuisha.]

JELLE: Hiyo ni salio ya Diriye.

RUWEYDA: Na mimi sina hata shilingi ya kukupigia. Mwambie haraka.

JELLE: [kwa Kisomali, polepole, mbali kidogo] …

RUWEYDA: Jelle? Umemwambia?

JELLE: Nimemwambia.

RUWEYDA: Na?

JELLE: Analia. Anasema alhamdulillah, sasa anamwona.

RUWEYDA: Alhamdulillah.

JELLE: Ruweyda. Hooyo amenisikia.

RUWEYDA: Ya Allah. Hooyo.

JELLE: Ameinua kichwa. Yeye ndiye alikuwa anamlowekea mkate wa anjera kwa maziwa kila asubuhi, kwa sababu hawezi kutafuna. Amesikia nikisema mwanya. Ameniangalia mimi, halafu ameangalia sanduku.

RUWEYDA: Amejua hakuna picha.

JELLE: Amejua.

RUWEYDA: Anasema nini?

JELLE: Hasemi. Anasimama. Anakuja hapa — amechukua simu ya Abti kwa mkono wangu.

RUWEYDA: Atamwambia?

[Mlio wa salio.]

RUWEYDA: Jelle, atamwambia? Anasema nini?

JELLE: Ngoja nisikie. [anasikiliza] Anasema, ndio, ndugu yangu. Anasema picha ni nzuri sana, yeye mwenyewe ameiona. Anasema mwanya ulikuwa pale pale.

RUWEYDA: [analia]

JELLE: Sasa ndio analia na yeye.

RUWEYDA: Mshike, aboowe. Weka simu chini, mshike —

JELLE: Haya. Usikae kwa ngazi, kuna baridi. Nita —

[Simu imekatika.]